Damu Isiyoonekana: Ufafanuzi wa Mchoro wa Serapion wa Francisco de Zurbarán (1628)

Utangulizi

Makala haya yanafafanua mchoro mmoja wa rangi za mafuta uliochorwa mjini Sevilla, Hispania, mwaka 1628 na Francisco de Zurbarán. Mchoro huo unamwonesha Serapion, mtawa wa Shirika la Wamersedari, akiwa amefungwa mikono yote miwili kwa kamba, kichwa kikiwa kimelala begani. Kimo chake ni takribani sentimita 120 na upana takribani sentimita 103. Kwa hiyo mwili uliochorwa unakaribia ukubwa wa mwili wa mtu aliye hai, jambo ambalo nakala za vitabuni hulificha. Tangu mwaka 1951 mchoro huu ni mali ya jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum, mjini Hartford, Marekani.

Zurbarán alizaliwa mwaka 1598 katika mji mdogo wa Fuente de Cantos, jimbo la Extremadura, na akapelekwa Sevilla mwaka 1614 kujifunza uchoraji. Alipochora picha hii alikuwa na umri wa miaka 30 au alikuwa karibu kuifikia. Wakati huo Sevilla ulikuwa mji wa bandari wenye utajiri mkubwa, na mashirika ya kitawa ndiyo yaliyokuwa wateja wakuu wa wachoraji.

Tatizo linaloshughulikiwa hapa linaelezeka kwa maneno machache. Kwa mujibu wa mapokeo ya shirika lake, Serapion alifariki mwaka 1240 kwa kifo cha kutisha: alifungwa kwenye msalaba, akakatwa viungo na kupasuliwa tumbo. Hata hivyo, katika picha ya Zurbarán hakuna tone la damu. Hakuna kisu, hakuna muuaji, wala hakuna jeraha. Je, ukatili huo umekwenda wapi? Jibu lililozoeleka ni kwamba Zurbarán alikuwa mchoraji wa utulivu, na kwamba tabia yake haikumruhusu kuchora matumbo yaliyopasuliwa. Jibu hilo si la uongo, ila linaishia kwenye hulka ya mchoraji na kuliacha swali lenyewe. Makala haya yanatafuta jibu mahali pengine: katika chumba ambamo picha ilitundikwa, katika karatasi ndogo iliyochorwa pembeni mwake, na katika maana ya neno ambalo Kiswahili hulitamka kwa urahisi kuliko lugha nyingi za Ulaya za leo, yaani kukomboa.

Kinachoonekana

Mtazamaji akisimama mbele ya picha hii hukutana kwanza na kitambaa. Zaidi ya nusu ya eneo lote limejazwa na vazi la kitawa: kanzu, skapulari inayoning'inia mbele, na joho lenye kofia, vyote vyeupe. Uso umebanwa sehemu ya juu. Macho yamefumba na midomo imeachana kidogo. Viganja, vilivyoinuliwa pande mbili, vimelegea kama vya mtu aliyepitiwa na usingizi. Mandharinyuma ni giza tupu, isipokuwa kwamba jicho likizoea huanza kutambua miti au matawi membamba. Mwanga mkali unatoka upande mmoja, na giza linaanza ghafla pale mwanga unapokoma. Mbinu hiyo ilienea Ulaya nzima baada ya kazi za Caravaggio, lakini huko Sevilla ilikutana na jadi ya wachongaji wa sanamu za mbao zilizopakwa rangi, ambao mashuhuri wao alikuwa Juan Martínez Montañés. Serapion wa Zurbarán anaonekana kama sanamu iliyochongwa kisha ikavishwa nguo.

Nyeupe ya vazi hilo si nyeupe moja. Mahali mwanga unapopiga moja kwa moja pamewekwa rangi nzito yenye unene. Kwenye mabonde ya mikunjo nyeupe inageuka kuwa ya maziwa, kisha ya majivu, kisha hudhurungi. Msomaji asiye mchoraji anahitaji kuelezwa ugumu wa jambo hili. Wachoraji wa Sevilla walikuwa na desturi ya kuipaka kanvasi kwanza tabaka la udongo wa mto Guadalquivir uliosagwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani. Francisco Pacheco, mwalimu na mkwe wa Velázquez, anaieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha uchoraji kilichochapishwa mwaka 1649. Anayeanzia kwenye tabaka la rangi ya udongo anaanzia gizani. Hawezi kupata weupe kwa kuiacha kanvasi wazi kama afanyavyo mchoraji wa rangi za maji; hana budi kuujenga, tabaka juu ya tabaka, kwa rangi nyeupe iliyotokana na madini ya risasi. Kwa maneno mengine, weupe wa Serapion umetolewa gizani kwa kazi ya mkono.

Uzito wa mwili nao haukuoneshwa kwa misuli, bali kwa kitambaa. Mikono inavutwa juu na kamba, kiwiliwili kinavutwa chini, na kati ya nguvu hizo mbili skapulari inateremka wima huku joho likijikunja kwa mikunjo mizito mabegani. Mtazamaji asiyeijua habari ya Serapion angeweza kudhani kwamba mtu huyu amelala. Ni kamba tu zinazokataa tafsiri hiyo. Rangi kali ni moja tu: nembo ndogo ya Wamersedari kifuani, yenye msalaba mweupe juu na milia myekundu na ya dhahabu ya ufalme wa Aragon chini. Kwa maoni yangu, wekundu wa nembo hiyo ndio mahali pekee ambapo damu imeruhusiwa kuonekana, ingawa ni damu iliyokwisha kugeuzwa kuwa alama ya shirika.

Chumba cha wafu

Mchoro huu haukuchorwa kwa ajili ya kanisa lililo wazi kwa waumini wote. Ulikuwa katika monasteri ya Wamersedari mjini Sevilla, ndani ya ukumbi ulioitwa De Profundis. Jina hilo ni maneno ya kwanza ya Kilatini ya Zaburi ya 130, ambayo katika hesabu ya Biblia ya Kilatini ni ya 129, zaburi inayosaliwa kwa ajili ya marehemu. Katika ukumbi wa namna hiyo mwili wa mtawa aliyefariki uliwekwa kabla ya maziko, na ndugu zake wakakusanyika kumwombea.

Taarifa hii inabadilisha kabisa namna ya kuisoma picha. Tuwafikirie watazamaji wake wa kwanza: wanaume waliovaa kanzu nyeupe, skapulari nyeupe na nembo ileile kifuani. Chini ya picha amelazwa mwenzao, naye amevikwa vazi hilohilo. Ukutani yupo mtu mwingine katika vazi hilohilo, amefumba macho. Hivyo vazi lipo mara tatu ndani ya chumba kimoja: kwa walio hai, kwa aliyefariki, na kwa aliyeuawa karne nne zilizopita. Kama Zurbarán angechora tumbo lililopasuliwa, angemtenga Serapion na wale wawili wengine. Ndugu aliyefariki kwa homa kitandani mwake asingekuwa na chochote cha kufanana naye. Kwa kumwacha mzima ndani ya vazi lake, mchoraji amekifanya kifo cha shujaa kiwe kifo ambacho kila mtawa mle chumbani angeweza kujiona ndani yake.

Kwa hiyo hoja ya hulka ya mchoraji inapungukiwa. Utulivu wa picha ulikuwa na kazi ya kufanya, na kazi hiyo iliamuliwa na ukumbi. Inafaa kulinganisha na Jusepe de Ribera, Mhispania aliyefanya kazi Napoli, ambaye mwaka 1644 alichora kuuawa kwa Mtume Bartolomayo: humo ngozi inachunwa. Ribera hakuwa mkatili kuliko Zurbarán. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho mwaka 1563, ulikuwa umekwisha kuagiza kwamba picha takatifu ziwafundishe waumini na kuwavuta kwenye ibada, na agizo hilo lilitosha kuhalalisha njia zote mbili: ya kuonesha jeraha na ya kulificha.

Nani aliua?

Kuna jambo la pili ambalo ukimya wa picha unaligusa, na hapa mtafiti anapaswa kwenda kwa uangalifu. Mapokeo kuhusu kifo cha Serapion hayapatani. Yapo yanayosema kwamba aliuawa Algiers, alikobaki rehani kwa ajili ya mateka Wakristo, kwa sababu fedha za kuwakomboa hazikufika kwa wakati. Yapo pia yanayosema kwamba aliuawa na maharamia huko Uskoti. Tofauti hiyo si ndogo. Katika masimulizi ya kwanza wauaji ni Waislamu. Katika ya pili hawana uhusiano wowote na Uislamu.

Zurbarán hakuchagua kati yao. Miti ya nyuma inaweza kuwa ya nchi yoyote. Hakuna kilemba, hakuna jambia, hakuna bendera. Msomaji wa leo, hasa wa Afrika Mashariki ambako Wakristo na Waislamu wanaishi mlango kwa mlango, anaweza kushawishika kuuona uamuzi huo kuwa ni ustahimilivu wa kidini. Kishawishi hicho kinafaa kukataliwa. Hispania ya wakati huo ilikuwa imewafukuza Wamorisko, yaani wazawa wa Waislamu waliobatizwa, kati ya mwaka 1609 na 1614, na hakuna ushahidi ndani ya mchoro unaoonesha kwamba Zurbarán alilipinga hilo. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi, lakini lina nguvu: picha kama ilivyo haimshtaki mtu. Chuki ikitakiwa, haina budi kuletwa na mtazamaji kutoka nje ya fremu. Katika ukumbi wa wafu muuaji hakuhitajika, kwa kuwa sala ya pale ilimhusu aliyelala.

Shahidi, mfiadini, mwenyeheri

Pembeni mwa mwili, juu ya giza, imechorwa karatasi ndogo kana kwamba imebandikwa kwenye kanvasi yenyewe. Juu yake yanasomeka maneno B. Serapius, sahihi ya mchoraji na mwaka 1628. Watazamaji wengi huipita karatasi hii kama lebo tu. Herufi B, hata hivyo, inastahili kusimamiwa. Ni kifupi cha neno la Kilatini beatus, ambalo Wakatoliki wanaozungumza Kiswahili hulitafsiri kuwa mwenyeheri, hadhi iliyo chini ya mtakatifu. Heshima ya Serapion katika Kanisa ilithibitishwa na Papa Benedikto XIII mwaka 1728, miaka 100 kamili baada ya picha kuchorwa. Kuiita picha hii Mtakatifu Serapion, kama yafanyavyo makumbusho na vitabu, ni kuitumia hadhi ambayo mchoraji mwenyewe hakuiandika.

Mwaka 1628 haukuwa mwaka wa kawaida kwa Wamersedari. Ndio mwaka ambao mwanzilishi wao, Pedro Nolasco, alitangazwa mtakatifu, na ndio mwaka ambao monasteri ya Sevilla iliandikiana mkataba na Zurbarán wa picha 22 za maisha ya Nolasco. Shirika lilikuwa likijenga kumbukumbu yake mbele ya macho ya mji. Serapion ni sehemu ya juhudi hizo, ila kwa upande wa ndani wa nyumba.

Istilahi za Kiswahili zinatusaidia kuona jambo jingine. Kwa mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani tunayo maneno mawili. Shahidi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya anayetoa ushahidi na pia ya aliyekufa kwa ajili ya dini, sawa kabisa na neno la Kigiriki lililozaa istilahi za Ulaya. Ndivyo tunavyosema Mashahidi wa Uganda. Mfiadini, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu na Kiarabu lililounganishwa kueleza tendo lenyewe: anayeifia dini. Neno la kwanza linatazama kinachoonwa na kusemwa. La pili linatazama kifo. Picha nyingi za mashahidi za wakati wa Baroko ni picha za wafiadini: zinaonesha kufa. Ya Zurbarán inakaribia maana ya shahidi, ila kwa njia isiyotarajiwa, kwa sababu mwenye kushuhudia si yule aliyefumba macho. Ni ndugu waliosimama mbele yake, wanaojua kilichomo chini ya kitambaa ingawa hawakioni.

Ukombozi na bei yake

Shirika la Wamersedari lilianzishwa Barcelona mwaka 1218 kwa kazi moja mahususi: kuwakomboa Wakristo waliotekwa na kushikiliwa katika nchi za Waislamu. Pamoja na nadhiri tatu za kawaida za kitawa, yaani ufukara, useja na utii, waliweka ya nne: kuwa tayari kubaki mateka badala ya aliyekombolewa endapo fedha hazikutosha. Kwa mujibu wa mapokeo ya Algiers, hiyo ndiyo nadhiri iliyomuua Serapion.

Wanaotafsiri habari hizi kwa lugha za Ulaya hulazimika kuchagua kati ya neno la kibiashara na neno la kiimani. Kiswahili hakilazimishwi kuchagua. Tunakomboa rehani kwa mkopeshaji, tunakomboa mateka, tunakomboa nchi, na Wakristo humwita Yesu Mkombozi. Mizani ya fedha haijawahi kufutika katika kitenzi hiki, kama ambavyo haikufutika katika redemptio ya Kilatini. Neno fidia nalo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, linatukumbusha kwamba upande wa pili wa bahari ulikuwa na lugha yake ya jambo hilohilo. Miongoni mwa makundi yanayostahiki zaka, Kurani (9:60) inataja wale walio utumwani. Kwa hiyo Serapion akitazamwa kwa Kiswahili huonekana kama alivyoonekana kwa Wamersedari wenyewe, yaani mtu aliyegeuka kuwa malipo. Kamba zilizo mikononi mwake ni za mtu aliyewekwa rehani, na mikono iliyoinuliwa pande mbili inamkumbusha Mkristo yeyote malipo mengine, ya msalabani.

Mwaka 1628 utekaji haukuwa hadithi ya kale. Miguel de Cervantes, mwandishi mkuu wa Hispania, alishikiliwa Algiers kuanzia mwaka 1575 hadi 1580, akakombolewa na watawa wa shirika jingine lenye kazi kama hiyo, Watrinitari. Bado walikuwapo Sevilla watu waliokuwa na jamaa upande wa pili wa Bahari ya Kati, na watawa walikusanya sadaka mitaani kwa ajili yao.

Lakini mji huohuo ulikuwa soko la watumwa. Wareno na Wahispania walileta Sevilla maelfu ya Waafrika katika karne ya 15 na 16, na kwa muda mji huo ulikuwa miongoni mwa miji ya Ulaya ya Magharibi yenye watumwa wengi zaidi. Waafrika hao walikuwa na chama chao cha kidini, kilichoanzishwa mwishoni mwa karne ya 14 chini ya Askofu Mkuu Gonzalo de Mena, na ambacho kipo mpaka leo. Walibatizwa; walikuwa Wakristo. Nadhiri ya nne, hata hivyo, haikuwahusu, kwa sababu iliwahusu Wakristo walioshikwa na wasio Wakristo, si Wakristo waliomilikiwa na Wakristo wenzao. Mipaka ya ukombozi ilichorwa kwa kuangalia nani anashikilia mnyororo.

Sisemi haya ili kumpunguzia Serapion heshima yake. Mtu anayebaki kifungoni mahali pa mwenzake amefanya jambo kubwa katika lugha yoyote. Nasema kwa sababu fasiri za picha hii hulizungumzia neno ukombozi kana kwamba mjini Sevilla lilikuwa na maana moja tu, na mtafiti anayeandika kwa lugha ambayo maneno mtumwa na mwungwana bado yana uzito wa historia ya pwani yake hawezi kulipita hivihivi. Weupe wa Zurbarán umesomwa kama usafi, kama sala, kama nuru. Vilevile ni vazi la shirika lenye orodha ya wanaostahili kukombolewa.

Karibu miaka kumi kabla ya Serapion, yaani takribani mwaka 1617 au 1618, Diego Velázquez akiwa kijana alichora mjini humohumo mtumishi mwanamke mwenye asili ya Kiafrika akiwa jikoni, ameinamisha kichwa kilichofunikwa kitambaa cheupe, mbele yake vyombo vya mezani. Picha hiyo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa la Ireland, mjini Dublin. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni picha ya jikoni tu. Iliposafishwa mwaka 1933 lilijitokeza, nyuma ya mwanamke huyo, dirisha lililokuwa limefunikwa kwa rangi, na ndani yake Kristo ameketi mezani Emau na wafuasi wake.